Filimbi ya Kutoka Kazini

Mwanamume mwenye kofia ya ujenzi aliingia bila kupiga hodi, akasimama kando ya boila.

"Bon, dada, zima moto. Tunabomoa leo."

"Mulisema wiki ijayo!" Mujinga alishtuka.

"Walibadilisha. Na muntu akigusa mashine, kazi hana tena."

Tangu karne ya kumi na tisa, kiwanda hiki kidogo cha mvuke, hapa Ubelgiji, kilikuwa kikipasua magogo kuwa mataruma, mbao za kulazia reli inayopita mlangoni pake. Mujinga alikuwa amesomea historia yake chuoni, akawasihi wakubwa wa Brussels wakiokoe, lakini hawakumsikiliza. Alichobakiwa nacho ni kuwatembeza wageni humu, kazi yake ya kwanza.

Ng'ambo ya reli, katika nyumba ya wazee, babu yake alikuwa mahututi. Akili yake ilikuwa imerudi kwenye karakana ya reli kule Lubumbashi, na kila alipoambiwa apumzike alikataa.

"Filimbi haijalia, mutoto. Nitarudi nyumba namna gani?"

Mujinga alikuwa amemwahidi kwamba italia.

Aliutazama mnyororo wa filimbi ya mvuke iliyokuwa juu ya boila. Ulikuwa mweusi kwa masizi, ila pale ulipozoea kushikwa uling'aa kama pete. Alijua kwamba mzee akiisikia, hatangoja tena.

"Dada, unionee huruma na mimi," mwanamume alisema kwa upole. "Alors, toka hapo."

Mujinga aliushika mnyororo kwa mikono miwili, akauvuta, filimbi ikalia mpaka mvuke ukaisha.