Mpira wa Kurusha

"Ruta hii ya intaneti ni mpya kabisa, mzee. Gemu haitakwama tena," fundi alisema akikunja nyaya za zamani. "Ikikwama, ujue tatizo ni la kule kwa mwanao."

Alipoondoka, Mzee Kheri alishika padi ya kuchezea gemu. Kila Ijumaa alicheza mpira wa kwenye skrini na mwanawe Twalibu, aliyekuwa akiishi ughaibuni, na kila Ijumaa wachezaji wa Twalibu waliganda katikati ya mchezo. "Mtandao wako huo, baba," Twalibu alikuwa akisema, na Kheri aliamini.

Leo bendera zilipepea, mashabiki waliimba bila kukatika. Punde wachezaji wa Twalibu wakasimama tuli. Wa Kheri waliendelea kukimbia. Kwenye spika akasikia, kule kwa Twalibu, sahani zikigongana na watu wakicheka.

"Twalibu?"

"Mtandao, baba!" Sauti ilitoka mbali, kama ya mtu aliyeiacha padi yake chumba kingine, lakini safi kabisa, bila kukatika.

"Eeh, mwanangu. Mtandao."

Goli lilikuwa wazi. Kheri akaupeleka mpira pembeni, akautoa nje makusudi, ili Twalibu aurushe. Mchezaji wa Twalibu, akiongozwa na gemu yenyewe, akauokota, akauinua juu ya kichwa, akabaki hivyo akisubiri amri, mikono juu, uwanja mzima ukiimba.