Kabati la Arobaini na Moja

Siku hizi sheria inataka kila kabati la seva lipate njia mbili za umeme, moja ikikatika nyingine ishike. Nyumba za watu hupata kinachobaki. Mpango wa umeme wa makabati arobaini yaliyo chini ya ghorofa letu nauchora mimi, kazi niliyoisomea madarasa ya jioni nikiwa na mimba ya Zawena.

Jana mashine inayomsaidia mwanangu kupumua ilizimika mara tatu. Nikambeba hadi ofisini kwa msimamizi wa makabati.

"Bwana Mwakalinga, njia ya pili imelala tu. Nipe waya mmoja."

"Mama Zawena, ile ni akiba ya makabati. Si uliichora mwenyewe?"

"Niliichora. Sasa naiomba."

"Mwanao angekuwa kabati ningempa," akacheka.

Nikarudi mezani kwangu. Nikaongeza kwenye mpango kabati la arobaini na moja, nikaandika mahali pake ni chumba chetu cha kulala, njia mbili. Akatia sahihi bila kusoma, kama kawaida yake, na jioni nikavuta waya mwenyewe.

Leo mwanangu anapumua vizuri, amelala kashiba. Simu ikaleta ujumbe: "Kabati la 41 halina kazi. Fundi anakuja saa nne kukata waya zake na kuliunganisha na mengine."

Nimekaa mlangoni nimempakata, waya wa mashine yake umefika hadi hapa. Huyo fundi na aje.