Shangazi wa Kiti cha Mbele

"Kaa mbele, mama," Yamid alisema akimfungulia mlango. "Tukisimamishwa, wewe ni shangazi yangu."

Yule mama hakushangaa. Mjini Bucaramanga kila aliyewahi kuita gari kwa simu alilijua hilo: gari la mtu binafsi haliruhusiwi kubeba abiria, na abiria akikaa nyuma humchongea dereva, kwa polisi na, vibaya zaidi, kwa watu wa teksi. Aliingia taratibu, akapakata mkoba wake. Gari zima likajaa harufu ya manukato.

"Unaitwa nani, mwanangu?"

"Yamid."

"Mimi Herminda. Shangazi Herminda. Nimekulea tangu ulipokuwa unatambaa, ulikuwa mlafi, na nilikuchapa mara moja tu. Ehe, tuondoke."

Yamid alicheka, kisha kicheko kikamkauka kinywani. Mbona anaujua mchezo huu kiasi hiki?

Wiki mbili nyuma dereva mwenzake, Libardo, aliitwa na mama wa namna hiyohiyo: mpole, mwenye umri, ananukia. Alimwelekeza kata hapa, kata pale, mpaka kwenye uchochoro usio na pa kutokea, na teksi za manjano zikaziba nyuma. Libardo alitoka mzima. Gari halikutoka. Tangu siku hiyo alikuwa akishinda ndani, mapazia yamefungwa.

Yamid naye aliwahi kuendesha teksi, miaka kumi na mmoja, gari la mtu, mpaka mwenye gari alipoamua kumpa mkwewe. Hata shukrani hakupewa. Siku ile aliapa kwamba hatamwomba tena mtu ruhusa ya kushika usukani. Kigari hiki chekundu kilikuwa chake, na watu wa teksi walipomtishia alizoea kuwajibu, "Barabara haikuzaliwa na mama zenu."

Simu ya Herminda ililia kidogo. Aliisoma, akajibu kwa kidole kimoja, akitamka kila anachoandika. "Tumekaribia. Gari... dogo... jekundu."

Yamid aligeuka kumtazama. "Nani huyo, mama?"

"Kuna mtu ananingoja."

"Na mbona hukuchukua teksi? Kituo chao kiko nyuma ya nyumba yako pale."

"Nimepiga simu saba tangu asubuhi. Wakisikia jina langu tu, wanakata."

"Kwa nini?"

"Kawaulize wao. Kata kushoto hapa."

"Ramani inasema twende moja kwa moja."

"Ramani haiwajui watu wa mji huu. Kushoto."

Yamid alipunguza mwendo. Angeweza kusimama papo hapo, akamwomba radhi na kumshusha. Hakuna ambaye angemlaumu. Alimtupia jicho. Kucha zake zilikuwa zimepakwa rangi mpya, na vidole vilikuwa vikifungua na kufunga mkoba bila kupumzika. Mtu asiye na hila huhangaikia nini?

Kwenye kioo aliiona teksi moja ya manjano nyuma yao. Haikuwapo dakika moja iliyopita.

Akamkumbuka Libardo na yale mapazia. Kama ni mtego, alijiambia, basi na wanione usoni. Hawataniweka ndani kama kuku. Akakata kushoto.

Hawakufika mbali. Teksi ya pili ilichomoka kwenye kona ikajilaza katikati ya njia, na ile ya nyuma ikawabana. Wanaume watano walishuka. Aliyetangulia alikuwa pande la mtu, mkononi ana spana ya magurudumu.

"Usizime injini," Herminda alinong'ona.

Yamid alishusha kioo kabla hakijagongwa. "Vipi, gari lenu limekufa? Mbona mmelitupa katikati ya njia?"

"Unabeba abiria wewe," lile pande la mtu lilisema.

"Nambeba shangazi yangu."

"Shangazi yako?"

"Wa damu! Amenilea tangu natambaa." Sauti hakuishusha. "Unataka kunipiga, nipige. Vunja na vioo ukipenda. Ila kesho utaniona tena kwenye barabara hiihii, na kesho kutwa pia. Mimi sishuki, na yeye hashuki."

Wale wanne wa nyuma waliangua kicheko. "Shangazi! Sikia huyu!" mmoja akapiga makofi. "Jamani, ana shangazi!"

Mwenye spana hakucheka. Aliinama dirishani, akampita Yamid kwa macho kana kwamba hayupo, akamtazama yule mama kwa muda mrefu. Spana ikashuka polepole hadi usawa wa goti.

"Basi mimi na wewe ni mabinamu," alimwambia Yamid. "Mbona sijawahi kukuona nyumbani?"

Nyuma kule kicheko kilikatika ghafla. Mtu mmoja alivua kofia.

Herminda alikuwa ameuachia mkoba. Alijinyoosha kitini, akamwegemea Yamid kidogo ili asikike vizuri dirishani.

"Gonzalo, mwanangu, toa gari lako njiani," alisema. "Mwanamume wa watu ananisubiri kwa msajili wa ndoa tangu saa tatu, na leo nitaolewa, hata kama umeziamuru teksi zote za mji zisimpakie mama yako."