Mwenye Simu Hii Amefariki

"Leo umekufa mara ngapi?" Mwalimu Marselina alifoka kutoka upande wake wa ua wa mabati. "Naanika nguo, nasikia unakufa. Nachambua mchele, unakufa tena. Kifo hakichezewi, Kaimu!"

"Kwani kwenu Bukoba hakuna matapeli, Mwalimu?" Kaimu alijibu bila kuondoa mashine kichwani mwa mteja. "Nikiwa hai hawaniachi. Wacha nife nipumzike."

Watu kibandani wakacheka. Kibanda cha Kaimu kinyozi, pale Nachingwea mjini, hakikosi watu hata siku ambayo hakuna wa kunyolewa. Umbea wote wa mtaa hupita hapo kwanza, ndipo urudi kwa wenyewe.

Kosa lilikuwa lake. Alijaza namba yake kwenye mtandao uliomwahidi simu ya bure. Simu hakuipata, alipata wapigaji. Mara mganga wa utajiri, mara umeshinda gari, mara binti wa sauti laini anataka "ile hela" itumwe kwenye namba nyingine. Akifungia namba moja, zinaota tatu, kama magugu ya masika.

Ndipo akaipata dawa. Namba asiyoijua ikipiga, anaipokea kwa sauti iliyokauka: "Mwenye simu hii amefariki. Tupo makaburini." Tapeli anakata mwenyewe. Maiti atamtapeli nini?

"Na akipiga ndugu yako je?" Marselina hakukubali kushindwa.

"Ndugu zangu wote wana majina humu. Hata mama, anapiga kwa simu ya shangazi Mwamina, na shangazi yumo. Asiye na jina ni mwizi tu."

"Na Mungu umemwandika kwa jina gani?"

Kabla Kaimu hajajibu, simu ikalia. Namba ngeni. Akaweka sauti ya juu, akawakonyeza watu.

"Haloo," kijana mmoja alisema, pikipiki ikinguruma nyuma yake. "Samahani kaka, hapa kuna..."

"Mwenye simu hii amefariki," Kaimu akamkatiza. Leo alitia chumvi, akavuta na kamasi. "Kagongwa na lori asubuhi. Ndiyo tunamwosha."

Pikipiki ikazimwa. Kisha yule kijana akasema polepole, "Inna lillahi wa inna ilaihi rajiuni," na simu ikakatika.

"Tapeli ana dini!" Rashidy, aliyekuwa kitini na kichwa nusu kimenyolewa, alipiga kofi paja. "Kaka, huyo leo atakusomea na hitima!"

Kibanda kizima kikavunjika mbavu. Hata ng'ambo ya mabati Marselina alisikika akikohoa, kile kikohozi cha mtu anayeficha kicheko.

Muda si muda simu ikalia tena. Ikakata, ikalia. Ikakata, ikalia.

"Leo wamepeana zamu," Kaimu alisema. Hakuangalia hata kioo cha simu. Alichomoa laini, akaikata vipande kwa mkasi wa ndevu, akavifagia pamoja na nywele. "Haya, marehemu kazikwa. Jumatatu nasajili nyingine."

Ilikuwa Ijumaa. Kesho yake alikuwa na safari ya Matambarale, kumchukua mama yake aje kuondolewa mtoto wa jicho. Alimwahidi tangu ufuta haujavunwa, na mama alishamweleza kila jirani kwamba mwanangu anakuja kunifungua macho. Kaimu alikuwa amemnunulia miwani nyeusi, ya kuzuia vumbi akishapona.

Usiku ule alilala usingizi ambao hakuwa ameupata kwa miezi. Asubuhi akapanda gari la Ruangwa. Simu za abiria zililia njia nzima. Yeye aliwaangalia kwa huruma, kama mtu aliyepona ugonjwa ambao wenzake bado wanao.

Bodaboda ilipomshusha karibu na nyumbani, aliona moshi wa sufuria kubwa, na wanawake wamekaa chini, kanga vichwani. Mmoja akainua uso, akapiga yowe. Wengine wakakimbilia nyuma ya nyumba. Babu mmoja akasogea, akamtazama miguu kama inakanyaga chini.

"Kaimu?"

"Ni mimi, babu. Kuna nini?"

"Simu yangu haikuwa na chaji jana," shangazi Mwamina alisema akitoka ndani, sauti imemwisha. "Mama yako akatoka barabarani, akamsimamisha bodaboda, akampa kikaratasi cha namba yako akuulize kama kweli unakuja."

Kaimu akashika kichwa. Kisha, Mungu amsamehe, akacheka. Kumbe yule mwenye dini alikuwa wa huku! Kumbe huu msiba wote ulikuwa wake yeye!

"Jamani, mimi mzima! Ulikuwa mzaha wa matapeli tu." Aliwaona wanaume wakinawa udongo mwekundu mikononi. "Loo! Mmeshanichimbia na kaburi? Mna haraka nyie! Si mngeniletea kwanza maiti yangu?"

Babu alitazama pembeni.

"Basi nisameheni. Mama yuko wapi? Mwacheni aje anizabe makofi mwenyewe, nimestahili."

Shangazi Mwamina akachukua jagi na beseni, akamsogelea, akaanza kummiminia maji ya kunawa.

"Jana hakufika isha, mwanangu. Tumemzika asubuhi," alisema. "Tungekusubiri, lakini tulijua umemtangulia. Ingia ndani ule."