Mwizi wa Kuazima

Kila zoezi la kukamata lilipowadia, wanafunzi wa upolisi walikwenda kuazima mwizi kwenye darasa jirani la waendesha boila, mitambo ya kuchemshia maji kwa moto. Masizi, walisema, yanamfaa mwizi. Siku ya mtihani wa Zamda, mwanafunzi wa darasa hilo, wakamchukua yeye.

“Mara moja tu, mama moshi,” alisema Hamduni, akimfunga pingu.

“Nina mtihani mie! Maji yakiisha kwenye boila nimefeli.”

“Mwizi haongei!” Wenzake wakacheka wakishikana mabega.

Zoezi likaisha. Hamduni akapapasa mifuko yote, ufunguo haumo. Akabaki kajibana mbele ya mkufunzi wake kama mtoto aliyejikojolea. Zamda akamtazama kuanzia buti hadi kofia, akasonya, akaondoka na pingu mikononi.

Kwenye boila maji yalikuwa yameshuka hadi karibu na alama nyekundu ya hatari, na mtahini amesimama mlangoni. Zamda akalishika gurudumu la vali ya kuingizia maji kwa mikono yote miwili, akalizungusha, mnyororo wa pingu ukigonga chuma. Maji yakaanza kupanda taratibu ndani ya kioo cha kupimia.

“Dada, ufunguo huu hapa,” Hamduni alisema nyuma yake, akihema.

Zamda hakugeuka. Alikuwa anatazama kioo.