Alama Begani

Mumewe alikuwa amelala usingizi, kifua wazi, baada ya chakula cha mchana. Mke akatandika karatasi nyembamba juu ya bega lake la kushoto, akafuatisha alama kwa penseli, jino baada ya jino. Meno sita. La pili kutoka katikati lilizama kuliko mengine.

Ilikuwa alama ya tatu tangu tamthilia ianze.

Mumewe alikuwa fundi wa meno ya bandia. Chonge zote za tamthilia ya mnyonya damu alizitengeneza yeye, na kila asubuhi alikwenda studio kumvalisha mwigizaji mkuu, mwanamke mrembo. Mke alivijua vidole vya mumewe. Mwaka jana alipomwekea yeye jino la mbele, vilikuwa vipole ajabu. Sasa vilikuwa vipole mdomoni mwa mwingine.

Riwaya iliyozaa tamthilia hiyo mke aliisoma tangu usichana, akaijua nje ndani. Humo, mwanamke mnyonya damu humng'ata mgeni wake bega la kushoto. Na tamthilia haikuruka hata koma.

"Nini hii?" mke alimuuliza siku alipoiona alama ya kwanza.

"Mbu."

"Mbu mwenye meno?"

Mume alivaa shati haraka. "Achana nayo, mke wangu. Ukijua utaumia bure."

Neno hilo lilimkaa kooni wiki tatu.

Jumatatu, dada wa mumewe alimkuta akifunga begi.

"Wifi, safari tena? Jana umesaga meno usingizini mpaka nimeamka chumba cha pili! Hiyo tamthilia itakutia wazimu."

"Anayenitia wazimu ni kaka yako."

Mume akiwa studio, mke alifungua karakana yake ya meno kwa ufunguo wa akiba. Begi aliliacha mlangoni. Meno yakilingana, angetoka hapo moja kwa moja hadi kwa mama yake, na asirudi.

Rafuni zilipangwa sanamu za meno za plasta, kila moja na lebo ya mteja. Aliichukua ya mwigizaji, akaiweka juu ya mchoro. Haikulingana. Akaigeuza, akajaribu tena. Wapi!

Akachukua ya msusi wa studio. Ya mwimbaji. Ya mwalimu mmoja mwenye pengo. Alikwenda taratibu, rafu kwa rafu, na wivu ukamfuata kutoka mwanamke hadi mwanamke.

Ikabaki moja, mezani, imefunikwa kitambaa. Juu ya meno yake mume alikuwa ameanza kufinyanga kitu cha plastiki laini. Mke alikibandua, akaiweka sanamu juu ya karatasi.

Ilikaa kama mfuniko juu ya sufuria yake. Hata lile jino la pili.

"Nimekupata, mwanaharamu," alisema, akaigeuza asome lebo.

Mwandiko ulikuwa wa mumewe: *Mke wangu. Kinga ya meno, ya kuvaa akilala.*