Godoro la Sufi

Godoro la sufi lililosimama kwenye kona ya studio lilikuwa la marehemu mume wa kwanza wa Riziki, na Badru, mumewe wa sasa, alikuwa hapendi hata kulitazama.

Chumba kilikuwa kidogo. Besi ilikuwa ikijikusanya konani na kunguruma mpaka sauti ya mwimbaji inazama. Riziki ndiye aliyelileta godoro lile na kulisimamisha pale, na ngurumo ikatulia. Tangu hapo kila mwanamuziki aliyeingia aliulizia siri ya chumba, na Badru alijibu, "Kuta nzuri."

Mchana huo wivu ulimpanda. Alilikokota godoro hadi uani, akang'oa lile la sponji kitandani, alilolinunua mwenyewe kwa ajili ya harusi yao, akaliegemeza mahali pake. Akawasha wimbo. Besi ikalipita godoro lake kana kwamba halipo, na vioo vya dirisha vikatetemeka.

"Mume wangu, utatubomolea nyumba," Riziki alisema kutoka uani, kwa sauti ya usingizi.

Badru alitoka kwenda kulirudisha lile la zamani. Sufi ilikuwa imeshika mabonde mawili ya miili. Riziki alikuwa amejinyoosha katika bonde lake, na la pili ameliacha wazi.

"Mbona umesimama juani?" aliuliza bila kufumbua macho. "Nafasi ipo."

Badru akavua ndala, akajilaza, huku besi ikinguruma nyuma yake. Bonde lile lilikuwa refu kumshinda.